Makombo Yetu na Ndege wa Matombo

Kumtupia ndege punje za mtama uani si kosa. Linalodhuru ni karamu tunayoiandaa bila kukusudia, majaani, kisha tukashangaa wageni.

Wananchi wa Visiwani wanalijua hili kuliko wengine. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka hazikwisha, kunguru wakazaana, wakageukia mayai na makinda ya ndege wengine, hata vifaranga vya kuku. Kampeni ya miaka ya 1990 iliwapunguza sana. Iliposita walirejea, kwani chakula kilikuwa palepale.

Bara nako wameenea, wakafika Morogoro. Kutoka mjini hadi Matombo, penye mikarafuu kama Pemba, si mbali. Milima ya Uluguru ina chozi wa Loveridge, asiyepatikana kwingineko duniani. Huyo hukaa msituni juu, na kunguru hupenda makazi ya watu. Watakaotangulia kuumia ni mnana na tetere wa mashambani.

Maofisa wa wilaya wasingoje fedha za sumu. Majaa ya magulio yafukiwe kila jioni, na matumbo ya kuku na samaki yasiachwe wazi.