Kwa Nini Dawa za Kifua Kikuu Humezwa kwa Miezi Sita

Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa hupata nafuu mapema. Baada ya majuma machache homa za jioni hupungua, jasho la usiku hukatika na hamu ya chakula hurejea. Ufikapo mwezi wa pili wengi hujiona wazima, na ndipo swali huzuka: ikiwa mtu amepona, kwa nini aendelee kumeza vidonge kwa miezi minne mingine? Jibu lilitafutwa kwa miaka mingi, na sehemu muhimu ya ushahidi wake ilipatikana Afrika Mashariki.

Mwaka 1948 yalitangazwa nchini Uingereza matokeo ya jaribio la streptomisini, dawa iliyoleta matumaini makubwa wakati huo. Wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo pamoja na mapumziko ya kitandani. Wengine 52 walipumzishwa tu. Baada ya miezi sita waliofariki walikuwa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Furaha hiyo haikudumu. Miaka mitano baadaye idadi ya waliofariki ilifikia 32 katika kundi la kwanza na 35 katika la pili. Vimelea vilikuwa vimegeuka sugu.

Mmoja wa wanasayansi walioshiriki jaribio hilo, Denis Mitchison, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza jambo hilo. Usugu hautokani na mwili wa mgonjwa kuizoea dawa. Vimelea ndivyo vinavyobadilika. Pango moja katika pafu lililoharibika huweza kuwa na vimelea milioni 100. Kwa baadhi ya dawa, takribani kimelea 1 katika kila milioni huwa sugu tangu mwanzo, kwa bahati tu. Mgonjwa akipewa dawa moja, vimelea dhaifu hufa, na vile vichache sugu husalia na kuzaana kama magugu katika shamba lililopaliliwa nusu. Akipewa dawa kadhaa kwa pamoja, kimelea kinachoiponyoka moja huuawa na nyingine.

Lilibaki suala la muda. Katika miaka ya 1960 matibabu yalichukua takribani mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengi waliyaacha njiani. Mitchison na daktari Wallace Fox walishirikiana na wataalamu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia katika majaribio ambayo matokeo yake ya awali yalichapishwa mwaka 1972. Yalithibitisha kuwa mchanganyiko wenye rifampisini huweza kuponya kwa miezi sita. Mitchison alieleza pia kwa nini nafuu ya mapema hudanganya: baadhi ya vimelea hulala kama mbegu kavu ardhini, na dawa huviua polepole. Hivyo ndivyo huamka mgonjwa akiacha dawa.

Utaratibu wa leo umejengwa juu ya kazi hiyo: dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Vimelea vikiwa sugu kwa dawa hizo mbili, mgonjwa huhitaji dawa nyingine na uangalizi mkubwa zaidi. Tena huweza kuwaambukiza wa nyumbani kwake ugonjwa ambao tayari ni sugu, ingawa wao hawajawahi kuruka dozi hata siku moja.

Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mkazi mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito anashauriwa kufika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili makohozi yake yapimwe. Kipimo cha vinasaba huonesha kwa takribani saa mbili kama vimelea vipo na kama ni sugu kwa rifampisini.

Aliyeanza dawa asishtuke mkojo ukiwa na rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya rifampisini. Macho yakiwa ya manjano au kutapika kusipokoma, arudi kituoni mara moja. Anayesafiri kwa msiba au kilimo amwarifu mhudumu kabla ya kuondoka, ili apangiwe dawa za safari. Siku ya kuacha dawa ni ile atakayoambiwa na mtoa huduma, si ile anayoanza kujisikia nafuu.