Aliyekimbia Kuliko Wote Akawa wa Nne

Tarehe 18 Agosti 2016, ufukweni Copacabana mjini Rio de Janeiro, Richard Murray wa Afrika Kusini alikimbia kilomita 10 kwa kasi kuliko mwanamume mwingine yeyote katika triathloni ya Olimpiki ya siku hiyo. Akamaliza wa nne. Medali ya shaba, ya kwanza kwa Afrika katika mchezo huu, ilikwenda kwa mwenzake wa nchi hiyohiyo, Henri Schoeman, aliyemtangulia kwa sekunde 7. Schoeman alianza michezo akiwa mwogeleaji.

Ukitazama saa peke yake, kuogelea ni sehemu ndogo. Mita 1,500 humchukua bingwa kama dakika 17 au 18, ilhali kilomita 40 za baiskeli hula karibu saa nzima. Wengi hupiga hesabu hiyo, kisha hulipa kisogo bwawa. Hesabu hiyo inawapotosha, kwani majini ndimo inamoamuliwa utaendesha baiskeli pamoja na nani.

Adui wa mwendesha baiskeli ni hewa. Barabara ikiwa tambarare, ukitaka kuongeza kasi yako maradufu, nguvu ya kuishinda hewa hiyo hupanda mara nane. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na Olimpiki inaruhusu. Siku ile ndugu wawili Waingereza, Alistair na Jonathan Brownlee, walitoka majini wakiwa mbele pamoja na Schoeman na wengine wachache, wakapokezana kuukata upepo. Kundi la nyuma, Murray akiwa humo, likaachwa kwa zaidi ya dakika moja. Kwenye mbio alilila pengo hilo kidogokidogo, hadi barabara ikamwishia.

Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini Iten, mji wa wakimbiaji, haujatoa bingwa wa triathloni, jibu langu huanzia bwawani. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na mapafu makubwa hayamsaidii mtu ambaye miguu yake inazama. Namna ya kulaza mwili majini hujengwa kwa miaka, na utotoni hujengeka kwa urahisi zaidi. Watoto wetu wenye miguu ya ajabu wanastahili bwawa.

Kwenye Ironman mambo hubadilika. Huko ni kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli na marathoni kamili, na kujibanza nyuma ya mtu ni kosa. Baiskeli peke yake hula zaidi ya nusu ya muda wote. Oktoba 2024, huko Kona, Hawaii, Mfaransa Sam Laidlow alizimaliza hizo 180 kwa saa 3:57:22, rekodi ya njia ile. Kwenye marathoni akapitwa na mmoja baada ya mwingine. Mjerumani Patrick Lange, aliyeendesha taratibu kuliko yeye, alikimbia kwa saa 2:37:34 na kushinda. Misuli ya mapaja haina akiba mbili za sukari. Inayochomwa kwenye pedali ndiyo itakayodaiwa mbioni.

Kwa anayeanza, nashauri zoezi hili kila wiki: shuka kwenye baiskeli, vaa viatu, kimbia papo hapo dakika 10. Siku za kwanza miguu itakuwa mizito kama magogo. Usiilazimishe, fupisha hatua, zizidishe wingi, mpaka miguu iukumbuke mwendo wake.