WATOTO WA MITAANI: NANI ALIWAFIKISHA HUKO?



Kila likizo inapokaribia, huku kwetu Bulongwa na vijiji vingine vya Makete hufika wageni wenye maneno matamu. Humwambia bibi anayelea wajukuu peke yake kuwa mmoja wao atapata kazi mjini, atalipwa na atasomeshwa. Wapo watoto waliokwenda kwa njia hiyo, wakanyimwa ujira, wakatoroka na kuishia stendi. Mjini wakaitwa chokoraa. Tuwaelewe kabla ya kuwalaumu.

Mtoto wa mitaani ni nani?

Yako makundi mawili:
(a) Wanaoshinda mitaani wakiuza karanga na mayai ya kuchemsha, au wakiokota vyuma chakavu, kisha usiku hurudi nyumbani.
(b) Wanaoishi huko huko. Hulala kwenye vibaraza vya maduka.

Mara nyingi wa kundi la pili alianzia la kwanza. Alirudi siku moja bila pesa, akapigwa, kesho yake hakurudi.

Katika mkoa wetu wa Njombe, Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Mtoto akidandia lori, asubuhi yuko mbali, hana anayemjua.

Sababu zake

Ya kwanza ni uyatima. Utafiti wa mwaka 2011-2012 ulionyesha kuwa Njombe ilikuwa na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, ya juu kuliko mikoa yote. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wazazi wengi walikwisha kutangulia mbele ya haki.

Ya pili ni dhuluma ya jamaa. Shamba la marehemu hugawanwa na wakubwa, mtoto akabaki na jembe la kibarua.

Ya tatu ni ulevi. Ulanzi ukiingia nyumbani, daftari na sare hukosekana, na fimbo huzidi.

Anaingiaje katika uhalifu?

Hatua kwa hatua. Kwanza njaa. Kisha gundi, anayoivuta ili asisikie baridi. Halafu hupata "kaka" wa kumlinda, naye humtuma apenye dirisha dogo. Wakikamatwa, mkubwa amekwisha kukimbia.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, na hawezi kuhukumiwa kifungo cha jela. Anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, ambako husoma na kujifunza kazi za mikono. Aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14.

Dini yetu nayo

Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha kufariki. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Babu yake Abdul Muttalib alimchukua, kisha ami yake Abu Talib. Je, milango ile ingefungwa? Surat Adh-Dhuha inatukataza kumwonea yatima, na Surat An-Nisaa inatoa onyo kali kwa anayekula mali yake.

Tufanye nini?

Wazazi: msimtoe mtoto kwa mtu msiyemjua. Mwulizeni mwenyekiti wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Mali ya yatima iandikwe mbele ya mashahidi.

Wanafunzi: mwenzako akikosa chuo siku tatu, nenda kwao ukamjulie hali, kisha umwambie ustadhi. Ukiona mtoto anateswa, piga simu 116, ni bure. Na yule aliyerudi kutoka mjini msimcheke. Msogezeeni nafasi kwenye mkeka, kwani akichekwa siku ya kwanza, ya pili atakuwa njiani kwenda stendi.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua milango. Amin.