Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Mafundi simu wengi wa Arusha watakupa ushauri uleule: ukitaka chaji ikae, weka 2G. Ulikuwa ushauri mzuri enzi 3G inaingia, na hata leo una nusu ya ukweli. Lakini kinachokula betri si ile namba iliyotangulia herufi G. Ni jasho ambalo simu inalitoa ili mnara uisikie, na jasho hilo linategemea zaidi mahali ulipo.

Uthibitisho wake unasikika kwa masikio. Umo kwenye daladala ya Njiro, redio imefunguliwa, ghafla spika inakoroma kwa vipande vipande, kisha baada ya muda mfupi simu ya abiria inaita. Hiyo ni 2G. Katika mtandao huo simu nane hugawana masafa mamoja kwa zamu, kwa hiyo kila simu inawasha na kuzima kipaza mawimbi chake takribani mara 217 kwa sekunde. Kasi hiyo imo katika kiwango ambacho sikio la binadamu linakisikia. Waya wa spika unanasa mapigo hayo kama antena, nacho kikuza sauti kinayageuza kuwa mkoromo. Mkoromo hutangulia mlio kwa sababu simu ikiitwa na mnara hujibu kwanza kwa nguvu nyingi, ndipo mnara huiamuru ishushe nguvu hiyo.

Nguvu yenyewe si haba. Kwenye megahezi 900, simu ya 2G inaweza kufika wati 2 zamu yake inapofika. Ikiwa karibu na mnara, kiwango hicho kinaweza kushushwa zaidi ya mara 600. Simu ya kawaida ya 4G kikomo chake ni kama wati 0.2, nayo hutuma kwa mtindo mwingine, ndiyo maana mkoromo ule umepungua mijini. Ukiusikia karibu na simu janja yako, chukulia kuwa imerudi 2G bila kukuaga.

Sasa tuingie Lemara. Kata hii iko kusini mwa jiji, ardhi ikiteremka kutoka Mlima Meru, na ukiwa barabarani simu haina malalamiko. Tatizo linaanza ukiingia ndani. Bati hurudisha mawimbi ya redio, zege lenye nondo huyapunguza, na migomba iliyolowa mvua ya masika hunyonya kiasi chake. Masafa ya chini hupenya vizuri zaidi kuliko ya juu. Kuzimwa kwa televisheni za analojia, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufika Arusha 2013, kulikuwa na faida hiyo pia: masafa ya chini ya megahezi 900 yaliyokuwa ya televisheni yangeweza kupewa simu. Kwa hiyo simu mbili mezani, za mitandao tofauti, moja ikiwa kwenye masafa ya chini na nyingine kwenye ya juu, zinaweza kupishana kabisa katika kula chaji, ingawa zote zimeandika 4G.

Vile vibango vya mtandao juu ya kioo visikudanganye. Kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka, tena vinaonyesha jinsi unavyousikia mnara. Jinsi mnara unavyokusikia wewe ni habari nyingine. Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute hali ya laini. Utakuta namba hasi yenye herufi dBm. Kwa 4G, -90 ni nzuri, -110 ni dhaifu, na karibu na -120 simu inahangaika. Kila hatua ya 10 ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo anayetoka dirishani kwenye -95 akaiweka simu kabatini kwenye -115 amepoteza asilimia 99 ya mawimbi. Pima pale simu inapolala usiku. Watu wanabadilisha betri wakati walitakiwa kubadilisha meza.

Ukikuta 4G ni nzuri, iache simu ijichagulie mtandao. Kuilazimisha 2G kutakuokolea chaji ikiwa imelala tu, lakini picha ambayo 4G ingeimaliza kwa sekunde chache itavutwa kwa dakika kadhaa, redio ya ndani ikiwa macho muda wote huo. Mpangilio wa mkono una faida pale 4G inapoonekana na kupotea. Hapo simu hurukaruka kati ya mitandao, na kila mruko una gharama yake. Teremka ngazi moja, utulie. Ila usichague 4G pekee bila kuhakikisha kwamba simu yako na mtandao wako vinapitisha sauti kwenye 4G. Visipopitisha, simu hulazimika kushuka 3G au 2G ili kupokea, na ukiifungia njia hiyo wateja wataambiwa hupatikani. Dereva wa bodaboda anajua hasara yake.

Kuna ulaji mwingine ambao wengi hawaushuku. Ujumbe mmoja mdogo ukiingia, simu hairudi kulala papo hapo. Mtandao huiacha macho kwa sekunde kadhaa ukisubiri kama kuna kingine. Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, lenye salamu moja kila nusu dakika, linaweza kuiamsha redio mara nyingi kuliko video moja ndefu. Nyamazisha kundi upendavyo, ujumbe bado unaingia. Kinachosaidia ni kuzima data. Na laini ya pili isiyo na mtandao hapo ulipo izime kwenye mipangilio, kwa maana inatafuta mnara wake hata kama hujaiwekea vocha tangu mwaka jana.

Hapa niseme jambo ambalo wanaopinga minara mitaani hawatalipenda. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye ofisi na maabara Njiro, jirani kabisa na Lemara, ndiyo yenye kazi ya kusimamia masuala ya mionzi, ikiwemo ya minara. Ni haki ya wananchi kuitaka ipime. Lakini mnara ukihamishiwa mbali, simu iliyo sikioni ndiyo inayoongeza nguvu kuufikia, na chaji inaisha mapema.

Tofauti hizi zinaonekana wazi zaidi ukiupanda Meru wenyewe. Kwenye bonde au nyuma ya tuta mtandao hukatika, simu inaanza kupekua masafa yote inayoyajua, na kuanzia kibanda cha Miriakamba, kwenye mita 2,514, baridi nayo inapunguza uwezo wa betri ya lithiamu. Weka hali ya ndege tangu getini na usiku ulale nayo ndani ya begi la kulalia. Ramani hutaikosa kwa simu nyingi: GPS husikiliza setilaiti tu bila kutuma chochote, kwa hiyo ramani uliyoipakua ukiwa mjini itaendelea kukuonyesha ulipo.