Unga mbovu: nani anakulipa?

1/ Kila kampeni tunaahidiwa unga mbovu utakomeshwa. Sawa, lakini sheria ya viwango tunayo tangu 1974, ndiyo iliyoleta KEBS. Na bado 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Mengine yalikuwa yakiuzwa sokoni.

2/ Katiba ya 2010, Kifungu 46, ikaongeza jambo: bidhaa ikikudhuru, una haki ya kulipwa fidia, iwe imetoka kwa mfanyabiashara au kwa serikali. 2012 ikafuata Sheria ya Kulinda Watumiaji.

3/ Kwa hivyo wakija Samburu kuomba kura, tuwaulize: mama aliyenunua unga wa kupimiwa, hana risiti, fidia yake ataidai wapi?