Chumvi Yenye Madini Joto: Kwa Nini Sheria Iingie Jikoni Mwetu?



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kilichomo katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini: chumvi. Katika jumuiya ndogondogo, sokoni, na hata akina mama wanaposubiri zamu yao kliniki, tunasikia maoni mengi juu yake. Mmoja husema, "Babu zetu walikula chumvi ya mawe na wakazeeka salama." Mwingine hunong'ona kwamba chumvi ya pakiti imetiwa dawa ya kufunga uzazi. Wa tatu huuliza, "Sheria inahusika nini na chungu cha nyumbani kwangu?" Maswali haya yanastahili kujibiwa, si kuchekwa. Tuyatazame pamoja.

MADINI JOTO NI NINI?

Shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hii hutengeneza homoni ambazo husafiri katika damu na kuongoza mambo makubwa mwilini: ukuaji wa mifupa, ujenzi wa ubongo, joto la mwili na nguvu za kufanya kazi. Ili itengeneze homoni hizo, tezi inahitaji madini joto, ambayo wataalamu huyaita ayodini. Mwili hauwezi kujitengenezea madini haya. Ni lazima yaingie kwa chakula.

Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito na anayenyonyesha huhitaji 250. Mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Tukipiga hesabu, mtu mzima anayekula mikrogramu 150 kila siku kwa miaka 70 hatamaliza hata gramu 4. Kiasi hicho hakijazi kijiko cha chai. Lakini hatuwezi kukila siku moja tukawa tumemaliza kazi. Mwili unataka kidogo kidogo, kila siku.

Chakula hupata madini haya kutoka ardhini. Katika nchi za milima, mvua za karne nyingi zimeyasomba kutoka udongoni na kuyapeleka baharini. Ndiyo maana nyanda zetu za juu za kusini zilijulikana zamani kwa watu wenye tezi za shingo. Mahindi yanaweza kustawi vizuri na maharage yakajaa ghala, lakini ikiwa udongo hauna madini joto, na chakula hicho hakitakuwa nayo ya kutosha. Jambo hili halionekani kwa macho wala halionjeki kwa ulimi.

Tena, wale wanaotegemea muhogo mchungu wana hatari zaidi. Usipolowekwa na kukaushwa sawasawa, sumu yake huizuia tezi isitumie hata madini kidogo yaliyopatikana.

MADHARA YANAYOONEKANA NA YALE YALIYOFICHIKA

Tezi inapokosa madini joto hujitanua ili inase hata kidogo kinachopita katika damu. Hivyo hutokea uvimbe wa shingo, yaani goita au rovu. Uvimbe ukiwa mkubwa unaweza kubana njia ya hewa na kumtaabisha mtu kumeza chakula.

Lakini shingo siyo hasara kubwa kuliko zote. Mama aliyepungukiwa sana anaweza kuharibikiwa mimba mara kwa mara au kujifungua mtoto aliyekufa. Mtoto akizaliwa hai anaweza kuwa kiziwi, asiweze kusema, awe mfupi kupita kawaida na mwenye akili nzito. Katika vijiji vingi mama wa mtoto kama huyo amesingiziwa mengi: kwamba amerogwa, au amevunja mwiko. Hakuvunja mwiko wowote. Alikosa kitu kidogo ambacho hakuna aliyemwambia habari zake. Mtoto wake ni mwana wa Mungu kama wengine, naye mama anastahili kusaidiwa, si kunyoshewa kidole.

Kuna na kundi la tatu, nalo ni kubwa. Ni watoto wanaoonekana wazima kabisa, wanacheza na kula vizuri, lakini darasani wanachelewa kuelewa. Mwalimu anamwita mtoto mvivu, baba anachukua fimbo, kumbe upungufu ulianza zamani, mtoto angali tumboni.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ubongo wa mtoto huanza kujengwa katika majuma ya kwanza ya mimba. Katika miezi ile ya mwanzo mtoto hutumia homoni za mama yake, kwa sababu tezi yake mwenyewe bado haijaanza kazi. Mara nyingi wakati huo mama bado hajajua kwamba ni mjamzito, wala hajafika kliniki. Kilichoharibika katika ubongo wakati huo hakiwezi kurudishwa baadaye kwa kidonge wala kwa sindano. Kwa hiyo msichana anatakiwa awe na madini joto ya kutosha kabla ya mimba, na njia rahisi ya kumfikia ni chungu cha kila siku.

MAONI TUNAYOYASIKIA

"Babu zetu hawakuyahitaji." Waliyahitaji, na wengi waliumia. Tunawakumbuka wazee waliozeeka salama. Watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa hatukuwahesabu. Uchunguzi wa Tanzania wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu wapatao 25 kati ya 100 walikuwa na uvimbe wa tezi. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule, walikuwa wapatao 7 kati ya 100. Wakati huo zaidi ya nyumba 8 kati ya 10 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Milima haikuhama. Kilichobadilika ni chumvi.

"Ni dawa ya kufunga uzazi." Ukweli ni kinyume chake. Ukosefu wa madini joto ndio unaoharibu mimba. Kinachotiwa katika chumvi ni potasiamu ayodeti, kwa kipimo kidogo sana. Sisi wauguzi tunaila chumvi hiyo hiyo na kuwapikia watoto wetu.

"Chumvi ya bahari inatosha, kwa kuwa bahari ina madini hayo." Bahari inayo kweli, na samaki wa baharini ni chakula kizuri kwa ajili hiyo. Lakini maji ya bahari yanapokaushwa juani, chumvi inayobaki haina madini joto ya kutosha. Ndiyo maana hata Zanzibar, katikati ya bahari, wataalamu walikuta watu wenye upungufu.

"Nina shinikizo la damu, nimekatazwa chumvi." Hapa tuelewane vizuri. Hatusemi mtu ale chumvi nyingi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho sawa, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vingine. Tunasema tu kwamba hiyo kidogo unayokula iwe na madini joto. Mgonjwa afuate kipimo alichoambiwa na daktari wake.

SASA, KWA NINI SHERIA?

Wazo la kutia madini joto katika chumvi halikuanzia kwetu. Uswisi, nchi ya milima walikotoka Wakapuchini na Masista wa Baldegg waliotumikia Mahenge, Ifakara na Dar es Salaam, ilisumbuliwa mno na ugonjwa huu. Mwaka 1918 daktari mmoja wa vijijini, Otto Bayard, alichanganya chumvi na madini joto kidogo sana akawapa familia chache za kijiji cha mlimani. Tezi zao zikapungua. Mwaka 1922 chumvi ya namna hiyo ilianza kutumika kwa watu wengi zaidi. Hata huko baadhi ya madaktari walipinga, wakihofu kwamba watu watadhurika. Kila jimbo la nchi hiyo liliamua kwa wakati wake, na mengine yalichelewa miaka mingi. Watu walipokuwa wanabishana, watoto waliendelea kuzaliwa.

Nchini Tanzania, katika miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi zilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Vilisaidia, lakini kugawa vidonge kijiji kwa kijiji ni kazi ngumu. Gari likikosekana mwaka mmoja, watoto wa mwaka huo wamekosa. Kwa hiyo kanuni za mwaka 1994 ziliagiza kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto kabla ya kuuzwa.

Wengine wanaona hili ni kuingiliwa uhuru. Sisi tunalitazama hivi: mtu mzima anaweza kujichagulia chumvi, lakini mtoto aliye tumboni hawezi. Wala mama hawezi kujua kwa kutazama ipi ni ipi, maana chumvi mbili zinaweza kufanana kwa rangi na ladha. Mtaalamu hudondosha tone la dawa ya kupimia: yenye madini joto hugeuka rangi ya buluu, isiyo nayo hubaki nyeupe. Mama sokoni hana dawa hiyo. Kitu kisichopimika jikoni ni lazima kipimwe kiwandani na bandarini, na hiyo ni kazi ya serikali. Kanisa hutufundisha kulinda uhai tangu kutungwa mimba. Sheria hii, ingawa inahusu chumvi tu, inafanya kazi hiyo.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Wavunaji wadogo wa chumvi, wenye vishamba vyao pwani, hulalamika kwamba dawa ya kuchanganya ni ya kununua na chumvi yao haina bei. Malalamiko hayo ni ya kweli. Kuwakamata tu na kumwaga chumvi yao hakutoshi. Wakiungana katika vikundi wanaweza kununua dawa pamoja na kuinyunyiza hata kwa bomba la mgongoni, kama lile la shambani, ila wafundishwe vipimo na wakaguliwe. Sheria inayomlinda mtoto wa milimani isimfukarishe baba wa pwani.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Sheria inaishia dukani. Kutoka hapo kazi ni yetu.

1. Nunua chumvi iliyofungwa vizuri katika pakiti yenye maandishi kwamba ina madini joto. Ile iliyomwagwa juu ya turubai juani usiiamini.

2. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua, mvuke na moto. Kopo lisilofunikwa juu ya jiko hupoteza madini.

3. Usioshe chumvi kabla ya kupika. Wapo wanaoiosha ili iwe nyeupe, na madini yanakwenda na maji.

4. Tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva, ili madini yasipotee kwa moto mrefu.

5. Muhogo mchungu uloweke na kuukausha kama wazee walivyofundisha, bila kukatisha siku.

6. Mwenye goita asichanjwe shingoni wala kupakwa dawa za kuchoma. Aende hospitali. Chumvi huzuia goita, lakini ile kubwa ya miaka mingi haitaondoka kwa chumvi peke yake.

7. Mtu mwenye goita ya siku nyingi akianza kukonda, kutetemeka mikono au moyo kwenda mbio, asingoje. Afike hospitali apimwe.

8. Mwenye duka akiletewa chumvi isiyo na maandishi, amwulize bwana afya kabla ya kuiuza. Faida ya shilingi chache isilipwe na mtoto wa jirani.

Ndugu wasomaji, yapo mambo mengi ya serikali ambayo tunaweza kubishana juu yake hadi usiku. Na hili mnaweza kulizungumza katika jumuiya zenu, na mwenye shaka aulize. Lakini jioni ya leo, kabla ya kupika, tazameni kopo la chumvi nyumbani. Msome pakiti yake, mlifunike. Binti anayekula chakula hicho leo ndiye mama wa kesho.

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda. Awabariki ninyi na watoto wenu.