Mboga za Karanga na Jibini ya Soya

Nyumba nyingi za Bunda, Butiama na Musoma vijijini hula ugali wa mihogo au mtama. Kitoweo ni dagaa au samaki. Siku za mbalamwezi dagaa huadimika, maana huvuliwa kwa taa gizani. Hapo inabaki mboga ya majani peke yake. Mtu mzima atavumilia. Lakini mtoto je? Yeye anahitaji chakula cha kujenga mwili kila siku.

Wenzetu wa Indonesia, nchi ya visiwa huko Asia, wana chakula kiitwacho gado-gado. Ni mboga za kuchemsha, mayai na jibini ya soya, halafu vyote humwagiwa mchuzi wa karanga. Sasa hebu tazama: mboga tunazo, karanga tunazo. Iliyobaki ni jibini tu, nayo hutengenezwa jikoni.

Soya ni ile ile tunayochanganya kwenye unga wa uji. Chukua vikombe 2, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, sugua maganda yatoke, kisha twanga mpaka ilainike kabisa. Changanya na vikombe 12 vya maji safi. Chuja kwa kitambaa safi, ukamue sana. Hayo ndiyo maziwa ya soya. Yachemshe dakika 20 huku unakoroga, maana hupanda na kumwagika upesi. Usifupishe muda. Soya isiyoiva huvuruga tumbo.

Epua. Kamulia ndimu 3 au 4 katika nusu kikombe cha maji, utie kidogo kidogo, ukoroge polepole. Maziwa yatagawanyika: mabonge meupe na maji ya njano. Maji yakiwa bado meupe, ongeza ndimu. Funika kwa robo saa. Mimina kwenye kitambaa, funga, weka jiwe safi juu kwa nusu saa. Kata vipande, tia chumvi, kaanga. Iliwe siku hiyo hiyo, maana huchacha.

Majani ni yoyote: mchicha, kunde, matembele, kabichi. Mgagani nao unafaa, ila chemsha na maziwa kidogo kupunguza uchungu, kama akina mama wengi wanavyofanya.

Sasa karanga, na hapa tusikilizane vizuri. Kuna tabia ya kuuza karanga nzuri sokoni na kubakiza mbovu za mchuzi wa nyumbani. Hiyo ni hatari! Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kugeuka rangi huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi chagua moja moja. Mbovu fukia shimoni, usimpe hata kuku. Ukivuna, anika juu ya jamvi au turubai, siyo kwenye udongo. Hifadhi zikiwa kavu kabisa.

Kaanga kikombe 1 cha karanga nzuri, toa maganda, twanga. Chemsha na vikombe 2 vya maji, nyanya, kitunguu na chumvi, ukikoroga mpaka uwe mzito. Mwagia juu ya majani na jibini. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee vyote vilainike. Pilipili mtilie baba kwenye bakuli lake.